Alizipata Zote

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Sauti, na jina hilo halikumtoka hata alipostaafu. Miaka thelathini na tano alifundisha darasa la tatu, chumba kile kile chenye dirisha lisilofungika vizuri, na miaka yote hiyo wimbo wake ulikuwa mmoja. Mtoto akijibu huku amejiinamia, sauti. Akijibu kwa kujing'ata ulimi, sauti. Na mtoto akijikaza akasema kwa nguvu, Mwalimu alimwitikia kwa kichwa, taratibu, macho yamemlainika, akasema, "Vizuri. Vizuri sana." Watoto waliokuwa hawafungui mdomo nyumbani kwao waliufungua kwake. Hilo lilijulikana mtaa mzima, na yeye mwenyewe alilijua kuliko wote.

Kustaafu kulimshinda. Miezi sita alikaa nyumbani akipanga kabati la vyombo, akilipangua, akilipanga upya, mpaka mumewe, fundi redio ambaye naye alikuwa ameshaweka vifaa chini, akamwuliza, "Mama, hizo sahani zimekukosea nini?" Alicheka, lakini lilimwingia. Kwa hiyo siku alipoona tangazo kwenye ubao wa zahanati, kwamba wanatafutwa watu wa kujitolea kukaa na wenye ulemavu wa akili wanapohojiwa polisi na wanaposimama mahakamani, ili waelewe wanachoulizwa, aliona kama tangazo limeandikwa likiwa na picha yake.

Mafunzo yalikuwa ya siku mbili. Mratibu alikuwa binti mwenye maneno ya haraka, mafaili yake anayabeba kwenye kikapu, na alirudia mambo yale yale mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Kaa ubavuni mwa mtu wako, usikae mbele yake. Usimjibie. Usimwongoze. Ukiona haelewi, simamisha mahojiano, hata kama afisa atanuna. Mwalimu Sauti aliandika yote kwa mwandiko wake wa ubaoni, akayapigia mstari kwa rula. Lakini tuseme ukweli, hakuyasikiliza. Ndani kwa ndani alikuwa akisema, huyu binti hata meno ya utu uzima hayajamkaa sawa, ndiye wa kunifundisha mimi kukaa na mtu anayeelewa taratibu? Alipewa cheti. Mumewe alikitafutia fremu.

Simu ya kwanza ilikuja Jumatatu asubuhi. Stoo ya mbao ya karakana moja ya useremala ilikuwa imeungua Jumamosi, na polisi walikuwa wamemkamata mfagiaji wa pale, mwanamume wa miaka thelathini na mmoja ambaye akili yake ilikwenda kama ya mtoto wa miaka saba. Maseremala walimwita Bosi, kwa sababu yeye alimwita kila mtu bosi, mkubwa kwa mdogo, mpaka mbwa wa mlinzi. Alikutwa amesimama karibu na moto, anautazama, na mfukoni ana kiberiti.

Nje ya kituo Mwalimu alimkuta dada yake Bosi, fundi cherehani, shingoni bado ana utepe wa kupimia. Alimshika Mwalimu mikono yote miwili. "Mama, kile kiberiti ni cha jiko la nyumbani," alisema. "Yeye ndiye anayemchemshia mama yetu uji. Mama amepooza upande mmoja, na mimi mgongo wangu mbovu, siwezi kumnyanyua. Huyu ndiye anayemnyanyua asubuhi na jioni, anamkalisha kitini. Akikaa huku ndani, mama atalala tu pale kitandani. Naomba umsaidie arudi nyumbani."

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," Mwalimu alimwambia. "Nimekaa na watoto maisha yangu yote."

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Mlango wa chumba cha mahojiano ulipofunguliwa, mpelelezi aliyekuwa mezani alisimama ghafla mpaka kalamu ikamdondoka. "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa mwanafunzi wake. Darasa la tatu, dawati la mbele, mtoto wa kigugumizi ambaye Mwalimu alimfungua ulimi. Leo ni mpelelezi, ana mvi mbili tatu, na bado anamwamkia kwa kuinama. Mwalimu alijisikia vizuri jinsi ambavyo hakuwa amejisikia tangu astaafu. Mle chumbani mlikuwa na viti viwili vya plastiki, kimoja kimepasuka, na kimoja cha mto, cha mpelelezi mwenyewe. Mpelelezi alikivuta kile cha mto, akakifuta kwa kiganja, akakiweka upande wake wa meza. "Mwalimu wangu hawezi kukaa kwenye plastiki," alisema.

Utakataaje? Mtoto uliyemfundisha kusoma amekupa kiti chake mbele za watu. Mwalimu alikumbuka kwamba alitakiwa kukaa ubavuni mwa Bosi, alikumbuka kabisa, hata mstari alioupiga kwa rula aliuona. Akaona haitapendeza kukataa heshima. Akakaa kwenye mto, uso kwa uso na Bosi.

Bosi alikuwa amepandisha mabega mpaka masikioni. Mpelelezi aliuliza, na Bosi akamtazama Mwalimu. Mpelelezi aliuliza tena, Bosi akaangalia chini akasema kitu kisichosikika.

"Sauti, mwanangu," alisema Mwalimu kwa upole. "Usiogope. Afande anakuuliza, Jumamosi ulikuwa karakana?"

"Ndiyo," alisema Bosi.

Mwalimu alimwitikia kwa kichwa. "Vizuri."

Bega la Bosi likashuka kidogo. Mwalimu aliliona hilo, akafurahi, maana ndivyo walivyokuwa wanaanza kufunguka watoto wake. Ulikuwa na kiberiti? Ndiyo. Vizuri. Uliingia stoo? Bosi alisita, akamtazama. Mwalimu, akimtia moyo aseme tu, aseme lolote, alikuwa tayari anaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Vizuri sana. Ukawasha kiberiti mle stoo? Ndiyo. Kwa sauti kubwa kabisa, kifua mbele. Mpelelezi aliandika. Baada ya nusu saa Bosi aliweka dole gumba kwenye karatasi, na chini yake Mwalimu akatia saini mahali palipoandikwa: nathibitisha kwamba mhojiwa ameelewa maswali yote.

Alikwenda nyumbani amehuzunika kidogo kwamba maskini kumbe ni yeye, lakini ameridhika na kazi. Jioni alimwambia mumewe, "Hawakuwa wamemtoa hata neno moja. Mimi nimekaa naye dakika tano, amefunguka."

Dhamana ilikataliwa. Amekiri, alisema mwendesha mashtaka, na anayewasha mara moja anaweza kuwasha tena. Bosi akapelekwa mahabusu.

Utaratibu wa kikundi cha kujitolea ulitaka kila msaidizi amtembelee mtu wake ndani ya wiki ya kwanza. Mwalimu alikwenda Jumapili, akakalishwa kwenye chumba chenye benchi mbili na askari mmoja anayesinzia. Bosi alipoletwa alimtambua mara moja, akatabasamu mdomo wote.

"Bosi, sasa naenda nyumbani?"

"Bado, mwanangu."

Tabasamu likapungua. "Lakini nilizipata," alisema.

"Ulizipata nini?"

"Zote. Ulisema vizuri. Kila moja ulisema vizuri. Nilizipata zote." Akahesabu kwa vidole, vizuri, vizuri, vizuri, akaishiwa vidole. "Aliyezipata zote anaenda nyumbani. Mama ananisubiri nimnyanyue."

Mwalimu aliviangalia vile vidole. Kisha akafanya jambo ambalo angetoa chochote asilifanye, kwa sababu alikwisha kujua jibu litakuwa nini. Alimtazama Bosi machoni, akalegeza uso kama alivyoulegeza miaka thelathini na tano, akaanza kuitikia kwa kichwa, taratibu, na akamwuliza, "Niambie mwanangu. Wewe ndiye uliyenizaa mimi?"

Bosi alikitazama kile kichwa kinavyopanda na kushuka.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti safi ya kusikika mpaka nje.

Askari aliyekuwa anasinzia alicheka. Bosi naye akacheka, kwa kuwa askari amecheka. Mwalimu Sauti alisimama, akasema amesahau kitu, akatoka.

Ungedhani alikwenda moja kwa moja kwa mratibu. Hakwenda. Na hapa ndipo hadithi hii inapokuwa ngumu kusimulia, maana mwanamke huyu hakuwa mbaya, na mimi sitaki umwone mbaya, lakini alilolifanya alilifanya. Alikwenda nyumbani akajifungia bafuni, akafungua bomba ili mumewe asisikie. Alipomsimulia, mumewe alifikiri, akasema, "Nyamaza tu, mama. Kesi zina mawakili. Wao watagundua wenyewe, ndiyo kazi yao." Ilikuwa ni ruhusa aliyokuwa anaitafuta, naye akaichukua.

Wiki ya pili alijisemea kwamba huenda Bosi aliwasha kweli. Nani ajuaye? Wiki ya tatu mratibu alimsifu mbele ya wasaidizi wapya: tazameni Mwalimu, mhojiwa wake alikuwa hasemi, yeye akamfungua. Wale vijana walimpigia makofi, na yeye alitabasamu, uso umemwaka moto, akajidharau jinsi ambavyo hajawahi kumdharau mtu. Usiku usingizi ukawa unamkimbia, na si kwa ajili ya Bosi peke yake. Aliwaza madarasa thelathini na tano. Wale watoto wote waliosema ndiyo, mwalimu, nimeelewa. Walikuwa wameelewa, au walikuwa wanakisoma kichwa chake? Alikuwa amewafundisha hesabu, au amewafundisha kumfurahisha? Jambo la kumwuma zaidi ni kwamba alikuwa akilia kwa ajili ya sifa zake mwenyewe, wakati mtu mzima amelala kwenye sakafu ya saruji akisubiri kurudishwa nyumbani kwa sababu alizipata zote.

Wiki ya nne mama yake Bosi alifariki. Kifua kilimjaa, mtu aliyelala chali siku nyingi bila kunyanyuliwa, walisema hospitali, ndivyo inavyokuwa.

Mwalimu alikwenda msibani akiwa amefunika kichwa chote, akakaa nyuma kabisa karibu na masufuria, akiomba asionekane. Alionekana. Fundi cherehani alisimama kuwashukuru waliofika, macho yamevimba, akawashukuru majirani, akawashukuru maseremala wachache waliokuja, kisha akamwona. "Na yule mama pale nyuma," alisema, "naomba asimame mumwone. Huyu si ndugu yetu wala jirani yetu. Ndugu yangu alipokamatwa, wote tulikuwa tunaogopa polisi, yeye alikwenda akakaa naye mle ndani, bila kulipwa chochote. Mungu atamlipa." Watu waligeuka. Ikabidi Mwalimu asimame. Alisimama na kanga yake, watu sitini wanamtazama kwa upendo, na kama ardhi ingekuwa na adabu ingepasuka immeze pale pale.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa mratibu kabla ofisi haijafunguliwa. Alisimulia yote akiwa amesimama. Kiti, kichwa, vizuri, na ile Jumapili ya mahabusu. Mratibu alimsikiliza mpaka mwisho. Alichukua faili kutoka kwenye kikapu, akaliweka mezani, akaliangalia.

"Ulijua tangu wiki ya kwanza," alisema mwishowe.

"Nilijua."

"Mwalimu, nimewapa watu mfano wako."

"Najua, binti yangu."

Mratibu alipiga simu kwa wakili wa Bosi, na wakili akaomba mahakama isiyapokee yale maelezo mpaka imsikilize aliyeyashuhudia. Siku ilipangwa haraka, wiki moja baadaye. Wiki ya tano.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni inagonga, karani anaandika kwa mkono. Mpelelezi alikuwa amekaa mbele. Alipomwona Mwalimu akiingia alisimama, akamwamkia kwa kuinama kama kawaida, hajui bado kinachokuja. Bosi alikuwa kizimbani na shati lililokuwa la saizi yake mwezi mmoja kabla. Alimpungia mkono.

Wakili alimwongoza Mwalimu, naye akaeleza. Alipofika kwenye kuitikia kwa kichwa, hakimu alimwomba aonyeshe. Mwalimu akaonyesha. Mbele ya wote, bibi wa miaka sitini na moja, mwanafunzi wake mbele yake, aliulainisha uso na kukipeleka kichwa juu na chini, juu na chini, na kule kizimbani, bila mtu kumwuliza chochote, Bosi akasema, "Ndiyo."

Mpelelezi aliinamisha uso wake. Labda alikuwa anakumbuka dawati la mbele, labda alikuwa anakumbuka kile kiti alichokifuta kwa kiganja. Hajawahi kusema.

Mwendesha mashtaka hakuwa na huruma, na wala hakutakiwa kuwa nayo. "Ulifundishwa ukae wapi?"

"Ubavuni mwake."

"Ulifundishwa usimwongoze?"

"Nilifundishwa. Niliandika."

"Ukatia saini kwamba ameelewa. Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

"Siku ile sikujua. Wiki ile ile nikajua, nikanyamaza."

Hakimu aliinua kichwa. "Ukanyamaza wiki tatu, mama. Kwa nini?"

Alijibu, lakini hakusikika. Karani aliweka kalamu chini.

"Ongeza sauti," alisema hakimu. "Karani hasikii."

"Niliona haya, mheshimiwa. Niliogopa watu watasema Mwalimu kakosea. Hakuna sababu nyingine."

Karani akaandika. Ilichukua muda mfupi sana kuandika.

Maelezo yalikataliwa. Bila maelezo, mwendesha mashtaka alibaki na kiberiti na mtu aliyesimama anatazama moto, kama walivyosimama wengine ishirini. Kabla ya saa saba mchana kesi ilifutwa, na Bosi akapelekwa nyuma kuchukua vitu vyake.

Mwalimu alitoka nje. Mratibu alimpita, akasimama kidogo kana kwamba atasema jambo, akaendelea na kikapu chake. Fundi cherehani, aliyeyasikia yote mle mahakamani, alikuwa anamsubiri kando ya benchi la ukutani. Hakulia wala hakupaza sauti.

"Msibani nilikusimamisha mbele za watu," alisema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ungesema wiki ile ya kwanza, angekuwa nyumbani. Angemnyanyua."

Mwalimu alifungua mdomo aombe msamaha. Alikuwa ameuandaa usiku kucha, maneno mazuri kabisa. Fundi cherehani aliinua kiganja.

"Hapana. Usiniombe msamaha, nikikusamehe leo nitakuwa nakudanganya. Nina jambo jingine. Ndugu yangu bado hajajua kuhusu mama. Nimekwenda mara mbili mahabusu nimwambie, mara mbili nimeshindwa, nimeishia kumwambia mama anamsalimia. Sasa wewe utamwambia. Kazi yako si kumsaidia aelewe? Basi msaidie." Akaenda kusimama kule kwenye geti, akawapa mgongo.

Bosi alitoka na mfuko wa plastiki wenye kandambili na sweta. Alimwona Mwalimu amekaa kwenye benchi, akakaa naye bila kuambiwa, bega kwa bega. Mwalimu akatazama mbele, kwenye ukuta wa upande wa pili, akasema kwa maneno mafupi.

"Mama yako amekufa."

"Anaumwa," Bosi alimsahihisha.

"Aliumwa. Halafu akafa. Wamemzika. Ukifika nyumbani hutamkuta."

Bosi alifikiri. Aliuviringisha mdomo wa mfuko wake, akauviringua. "Nani alikuwa anamnyanyua?"

"Dada yako alijaribu."

"Dada ana mgongo."

"Ndiyo. Ana mgongo."

"Mimi ndiye namnyanyua," alisema Bosi, na sauti yake ikaanza kupotea njia. "Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umefungiwa kule."

"Nani alinifungia?"

Angeweza kusema polisi. Angeweza kusema hakimu, au mwendesha mashtaka, au yeyote kati ya watu waliokuwa wanatoka mlangoni na mafaili yao, na Bosi angekubali.

"Mimi," alisema.

Bosi alimgeukia, akamwangalia mikono yote miwili. "Wewe huna funguo, bosi," alisema, kwa upole, kama mtu anayemtuliza mwenzake.

Ikabidi amweleze. Alianza na kile chumba cha polisi, akaenda taratibu, swali kwa swali. Aliposahau kitu alirudi nyuma, na Bosi alipopotea alimsubiri. Akafika kwenye ile Jumapili ya mahabusu, akamwambia kwamba siku ile alijua, na angeweza kumtoa, na akaenda zake nyumbani. Ilichukua muda mrefu. Na Bosi alipoelewa, alichukua mfuko wake, akasogea mpaka mwisho kabisa wa benchi, akakaa huko.